Bahari Ikichafuka, Meli Itafika Saa Ngapi? Mwongozo wa Kukadiria Kasi Inayoliwa na Mawimbi

Nilikuwa katika safari yangu ya pili kama afisa wa pili kwenye meli ya mizigo ya mwambao, meli ndogo ya mita 80, nahodha aliponipa kazi ya kuandika muda wa kufika Mtwara. Ulikuwa mwezi wa Julai, tuko Dar es Salaam. Nikapima njia ya nje ya Mafia kwenye ramani, nikapata maili 240 za baharini. Nikagawa kwa noti 10, kasi ambayo meli ile ilikwenda siku zote, jibu likawa saa 24. Nikamwandikia wakala: tutaondoka saa 12 asubuhi, tutafika kesho yake saa 12 asubuhi.

Nahodha, mzee wa Lamu, aliisoma karatasi, akaitazama bendera iliyokuwa imenyooka kuelekea kaskazini kwa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, akaniuliza: "Mwanangu, na hili kusi umeliweka wapi?"

Nikamjibu kwamba injini ni ile ile, mzee. Akacheka, akaacha nitume. Tulifika saa 10 jioni na dakika zake. Makuli walikuwa wamekaa gatini tangu alfajiri wakilipwa kwa kupiga soga. Wakala aliniambia maneno machache tu: "Bwana afisa, siku nyingine nipe ukweli hata kama ni mchungu."

Saa zile 10 hazikuibwa na injini. Injini ilizunguka vilevile usiku kucha na mafuta ikala yale yale, pengine zaidi. Sehemu ya saa hizo ililiwa na mawimbi na sehemu nyingine na mkondo, na zote mbili zingeweza kuhesabiwa kabla hatujang'oa nanga. Hesabu yenyewe ndiyo ninayoieleza hapa, kwa maafisa wapya, kwa wanafunzi wa vyuo vya bahari, na kwa mawakala waliochoka kungoja. Inahitaji logi ya meli (daftari la safari), utabiri wa hali ya hewa, na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Ijue kasi yako ya maji matulivu

Noti 1 ni maili 1 ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Hilo kila mtu analijua. Kinachowachanganya wengi ni kwamba meli ina kasi mbili: kasi ndani ya maji, inayosomwa na kipima kasi kilicho chini ya meli, na kasi juu ya ardhi, inayoonyeshwa na GPS. Mawimbi yanakula ile ya kwanza. Mkondo hauigusi kabisa hiyo ya kwanza. Unaongeza au kupunguza ile ya pili. Ukizichanganya utayalaumu mawimbi kwa kosa la mkondo, na utafanya hivyo miaka mingi.

Usichukue kasi iliyoandikwa kwenye karatasi za meli. Ile ilipimwa siku meli ikiwa mpya, chini yake safi, bahari kama kioo. Fungua logi ya miezi mitatu iliyopita, utafute siku ambazo upepo haukuzidi daraja la 3 la Beaufort, yaani noti 10, na meli ikiwa na mzigo unaokaribiana na wa leo. Chukua kasi ndani ya maji ya saa hizo, tafuta wastani. Kama kipima kasi chenu kimekufa (na kwenye meli nyingi za mwambao kimekufa), tumia GPS kwa safari ya kwenda na ya kurudi, ili mkondo ujifute wenyewe.

Meli yenye mwani na magamba chini ina kasi yake, na ikitoka cheleza, inakosafishwa na kukarabatiwa, ina nyingine. Rudia kazi hii kila msimu.

Hatua ya 2: Soma wimbi kwa mambo matatu

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania tumezizoea: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kwa mvuvi wa ngalawa, hiyo inatosha kuamua kubaki nyumbani. Kwa hesabu ya kasi ya meli ni theluthi moja ya habari. Unahitaji kimo cha wimbi, sekunde zake, na upande linakotoka.

Kimo kinachotajwa kwenye utabiri si cha wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, na kwa kawaida ndicho jicho la baharia mzoefu linachokiona. Ukiambiwa mita 2, tegemea kwamba ndani ya saa chache litapita moja la karibu mita 4. Wale wanaosema "utabiri ulidanganya" mara nyingi walikutana na hilo moja.

Sekunde ni muda kati ya kilele kimoja na kinachofuata, ukiwa umesimama. Zinaweza kupimwa kwa saa ya mkononi: meli ikiwa imetia nanga, chagua kipande cha povu au boya lililo mbali kidogo, uhesabu mara 10 linavyopanda, kisha ugawe. Na sekunde hizo zina siri kubwa, kwa sababu kwenye maji ya kina zinakupa urefu wa wimbi toka kilele hadi kilele. Zidisha sekunde kwa sekunde, kisha kwa 1.56, utapata mita. Wimbi la sekunde 5 lina urefu wa mita 39. La sekunde 7, mita 76. La sekunde 10, mita 156. La sekunde 14 linapita mita 300, na ukiwa juu ya mashua hutaliona kama wimbi. Utahisi tu bahari nzima inavuta pumzi.

Yale mafupi huzaliwa na upepo ulio juu yako sasa hivi. Marefu yametoka mbali, mengine kwenye dhoruba za kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, na hufika mwambao wetu hata siku ambayo jani halitikisiki. Mara nyingi yote mawili yapo kwa pamoja, kutoka pande tofauti. Andika kila moja kwa mstari wake.

Hatua ya 3: Linganisha wimbi na meli yako

Hapa ndipo nilipokosea Julai ile, na hapa ndipo ninapowaona vijana wengi wakikosea. Wanauliza "bahari ina mita ngapi?" kana kwamba mita 2 na nusu ni kitu kimoja kwa kila chombo.

Wimbi likiwa fupi sana kuliko meli, meli hulikata. Omo, yaani pua ya meli, inatandaza povu, kikombe mezani hakihami. Wimbi likiwa refu sana kuliko meli, meli hupanda nalo na kushuka nalo polepole kama bata. Taabu iko katikati: wimbi linapokaribia urefu wa meli yenyewe. Kilele kinapoinua omo, bonde linakuwa chini ya kiuno, tezi, yaani nyuma ya meli, inazama. Kabla meli haijajiweka sawa, kilele kingine kimefika. Meli inaanza kubembea kwa kuinama na kuinuka, na kila ikibembea inatengeneza mawimbi yake yenyewe na kuyasukuma mbele na pembeni. Nguvu ya kuyatengeneza inatoka kwenye propela. Hilo ndilo fungu kubwa la kasi inayopotea: meli inafanya kazi ya kuitikisa bahari badala ya kwenda safari.

Sasa weka namba. Meli yetu mita 80, mawimbi ya kusi sekunde 7, yaani mita 76. Tuliingia katikati kabisa ya balaa. Usiku ule meli ya makontena ya mita 300 ilitupita kama maili 4 upande wa bahari kuu, taa zake zimetulia kana kwamba imefungwa gatini. Maji ni yale yale. Yeye wimbi la kumtikisa hivyo ni la sekunde 13 au 14, na usiku ule halikuwapo.

Kuna wezi wengine wadogo. Upepo unaisukuma nyumba ya meli na makontena yaliyopangwa juu kama ukuta. Usukani ukizungushwa kila mara kurekebisha njia, unakuwa breki. Na propela, ikikaribia uso wa maji tezi inapoinuka, inachota hewa na kupoteza mshiko. Utasikia injini ikipandisha sauti ghafla, ikitetemesha vyombo jikoni, kisha ikinguruma kwa uzito tezi inaporudi chini. Chifu injinia akipiga simu briji, chumba cha kuongozea meli, mara ya pili kulalamikia jambo hilo, mpe pole, na andika kwenye logi.

Hatua ya 4: Linakukuta wapi?

Mawimbi ya omoni ndiyo yanayokula kasi zaidi. Ya pembeni mwa omo, hadi kama nyuzi 45, hayapishani nayo sana. Ya ubavuni hayakupunguzii mwendo mwingi, lakini yanakupeleka mrama. Na ndilo asili ya neno hilo, chombo kuyumba upande huu na upande huu, kabla watu wa bara hawajalitumia kwa ndoa na biashara. Ya tezini hayakupunguzii kasi yoyote ya kusumbua, na wakati mwingine yanakusukuma.

Mwelekeo unabadilisha pia mara ambazo wimbi linakugonga. Kanuni inayotumika katika mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, ni rahisi. Chukua sekunde za wimbi, zidisha zenyewe kwa zenyewe, kisha mara 3. Hiyo iweke juu. Chini weka sekunde mara 3, ujumlishe kasi yako kwa noti kama unalikabili wimbi, au uitoe kama linakufuata. Kwa wimbi letu la sekunde 7: juu ni 147. Tukienda noti 8.4 dhidi yake, chini ni 21 na 8.4, sawa na 29.4. Jibu ni sekunde 5. Tukirudi nalo nyuma kwa noti 10, chini inabaki 11, jibu ni zaidi ya sekunde 13. Wimbi moja, kwenda linakupiga kila sekunde 5, kurudi linakugusa kila sekunde 13.

Abiria wa Unguja wanalijua hili bila hesabu. Boti ikitoka Dar inaelekea kaskazini. Wakati wa kusi mawimbi yanaifuata tezini, na watu wanakula korosho wakitazama filamu. Ile ya kurudi inayakabili, na mifuko ya plastiki inaanza kugawiwa kabla kisiwa cha Chumbe hakijaachwa nyuma. Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, ikivuma mambo yanageuka. Ukiwa na tumbo jepesi, kaa chini, katikati ya boti, karibu na nyuma, na uchague ya asubuhi. Mchana upepo wa kutoka baharini huongezeka juu ya ule wa msimu.

Lakini bahari ya nyuma isikulevye. Chombo kinachokimbia karibu sawa na wimbi kinaweza kubebwa nalo kama ubao, usukani ukakosa maji ya kushika, kikageuka ubavu. Mwongozo huo wa IMO wa mwaka 2007 unatoa mpaka: kwa mawimbi yanayotoka nyuma moja kwa moja, hatari huanza kasi ikifika mara 1.8 ya kipeuo cha pili cha urefu wa chombo kwa mita. Chombo cha mita 25, kipeuo chake ni 5, mpaka ni noti 9. Cha mita 36, noti 10.8. Meli yetu ya mita 80, noti 16, ambazo haikuwahi kuziota. Kwa hiyo vyombo vidogo vyenye haraka ndivyo vinavyopaswa kulihofu jambo hili. Boti ya abiria ya MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe Julai 18, 2012, kusi likiwa kali, ikitoka Dar kwenda Unguja.

Meli za makontena zina lao. Zikikutana na wimbi kila baada ya nusu ya muda zinaochukua kuyumba na kurudi, mrama unakua wenyewe hata kama mawimbi yanatoka mbele. Ndivyo APL China ilivyopoteza mamia ya makontena Pasifiki ya Kaskazini mwezi wa Oktoba 1998. Dawa ni kubadili kasi au njia mapema, kabla mrama haujakomaa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya kasi iliyonyang'anywa

Kanuni mbili zinatosha. Ya kwanza: upinzani unaoongezwa na mawimbi unakua kwa kimo mara kimo. Kimo kikizidi mara 2, upinzani wa ziada unazidi mara 4. Ya pili: nguvu inayohitajika kusukuma meli kwenye maji matulivu inakua kwa kasi mara kasi mara kasi. Ukitaka kupanda kutoka noti 10 hadi 11, nguvu inapanda kwa theluthi nzima.

Ziunganishe hivi. Kwanza, tafuta kwenye logi siku moja ambayo mlikabili mawimbi ya kimo kinachojulikana, injini ikiwa kwenye nguvu ya kawaida. Sisi tulikuwa na siku kama hiyo: mita 1.5 omoni, kasi ndani ya maji noti 9.4 badala ya 10. Sehemu ya kasi iliyobaki ni 0.94. Izidishe yenyewe mara tatu, upate 0.83. Itoe kwenye 1, inabaki 0.17. Gawanya kwa 0.94, unapata 0.18. Maana yake, mawimbi ya mita 1.5 yaliiongezea meli ile upinzani wa asilimia 18.

Sasa kimo cha leo, mita 2.5. Gawanya 2.5 kwa 1.5, jibu ulizidishe lenyewe kwa lenyewe, utapata 2.78. Zidisha kwa 0.18: upinzani wa ziada leo ni 0.50, nusu nzima ya ule wa kawaida.

Mwisho, tafuta sehemu ya kasi itakayobaki kwa kujaribu. Unatafuta namba ambayo ikizidishwa yenyewe mara tatu, kisha ikajumlishwa na yenyewe mara 0.50, inaleta 1. Jaribu 0.90: inaleta 1.18, imezidi. Jaribu 0.80: 0.91, imepungua. Jaribu 0.835: inagonga 1 bila kupepesa. Kasi yetu ni noti 8.35, tuseme 8.4.

Nilitengeneza orodha ya meli ile na kuibandika pembeni ya meza ya ramani, kwa mawimbi ya omoni:

- mita 1.5: noti 9.4
- mita 2: noti 8.9
- mita 2.5: noti 8.4
- mita 3: noti 7.7
- mita 4: noti 6.1

Tazama inavyoporomoka. Kutoka mita 1.5 hadi 2 unapoteza nusu noti. Kutoka 3 hadi 4 unapoteza noti moja na zaidi ya nusu. Ndiyo maana kosa dogo la utabiri kwenye bahari tulivu halina madhara, na kosa lile lile kwenye bahari chafu linakuchelewesha nusu siku.

Orodha hii ni ya meli moja, yenye mzigo, na kwa mawimbi ya sekunde zinazokaribiana na zile za siku uliyoichukulia kipimo. Usiichukue uende nayo kwenye meli yako. Chukua njia ya kuitengeneza. Na ukikuta mawimbi ya sekunde 12 yenye kimo kile kile, meli ndogo itapoteza kidogo kuliko inavyosema orodha. Kwa mawimbi ya ubavuni au tezini, jaza safu nyingine kutoka kwenye logi. Hesabu hii haiyafai.

Hatua ya 6: Weka ile kasi ambayo nahodha anaitoa mwenyewe

Mpaka hapa tumehesabu kasi inayonyang'anywa, injini ikisukuma kwa nguvu ile ile. Kuna ya pili, inayotolewa kwa hiari. Nahodha anashika kishikio cha injini na kukirudisha.

Anafanya hivyo kwa dalili tatu. Omo ikitoka nje ya maji na kurudi kwa kishindo, bamu, meli nzima ikatetemeka kama gari la chuma lililoangukia shimo, hiyo ni kubamiza, na bati za chini haziwezi kuvumilia siku nzima. Kigezo ambacho wabunifu wa meli wamekitumia sana ni kubamiza kusikozidi mara 3 katika kila mibembeo 100. Dalili ya pili ni maji mazito, si povu, yakipanda sitaha na kuvunja vitu. Ya tatu ni ile propela inayochota hewa.

Mzee wangu hakuwa akihesabu mibembeo. Alikuwa akiweka kiganja kwenye kizingiti cha dirisha la briji. "Nasikiliza mifupa yake," aliniambia. Baada ya kishindo cha tatu katika muda wa kunywa chai, anapunguza. Nimefanya kazi na manahodha wengine watano tangu hapo, wawili kati yao hawakupunguza mpaka kitu kivunjike. Kwa hesabu yako, hii haina kanuni; jua tabia ya nahodha wako. Kama utabiri unapita mita 3 na meli ni ndogo, toa noti 1 nyingine, na hutajuta.

Kupunguza si hasara tupu. Kwenye maji matulivu, meli inayokwenda kwa asilimia 85 ya kasi yake inahitaji karibu asilimia 61 tu ya nguvu. Wale wanaong'ang'ania kasi kwenye bahari chafu wanachoma mafuta mengi kwa maili chache, na mwenye meli akisoma hesabu ya mwezi ataona.

Hatua ya 7: Toa au ongeza mkondo

Mwambao wa Tanzania na Kenya mkondo mkuu unaelekea kaskazini. Wakati wa kusi unapata nguvu. Wakati wa kaskazi unalegea. Safari yetu ya Mtwara ilikuwa dhidi yake, na tofauti kati ya kipima kasi na GPS ilikuwa noti 1.4. Toa kwenye 8.4, zinabaki noti 7. Maili 240 kwa noti 7 ni saa 34 na dakika 17. Tuliondoka saa 12 asubuhi. Piga vidole, utaona saa ile ile ambayo makuli walituona.

Kaskazini zaidi mambo ni makubwa. Mkondo wa Somalia hugeuka na msimu, na katikati ya kusi unakimbia kaskazini-mashariki kwa kasi inayoweza kupita noti 5, upepo ukiwa mkali kuliko popote kwenye njia zetu na mawimbi ya mita 3 na zaidi yakiwa jambo la kawaida kuelekea kisiwa cha Socotra. Meli inayotoka Ghuba kuja Mombasa mwezi wa Julai inakabili vyote vitatu. Wenye majahazi walilijua hilo kitambo: walikuja na kaskazi, wakarudi Arabuni kusi likianza au likiisha, na katikati yake walifunga bahari.

Jambo moja zaidi la mkondo. Mkondo ukikutana na mawimbi uso kwa uso, unayafupisha na kuyasimamisha kama ukuta. Wimbi la sekunde 5 linakimbia kama noti 15. Likiingia kwenye mkondo wa noti 4 unaolikabili haliwezi kuendelea, linavunjika. Mfano mkubwa wa kukabiliana huko uko kwenye pwani ya Afrika Kusini, mkondo wa Agulhas ukishuka kusini-magharibi kwa noti 4 hadi 5, nao upepo na mawimbi marefu yakipanda kutoka kusini-magharibi. Meli ya abiria ya Waratah ilitoka Durban Julai 26, 1909 na watu 211, kesho yake ikaonwa na meli nyingine njiani, kisha ikapotea, na haijapatikana mpaka leo. Tangu mwisho wa 2023, meli nyingi zilipoiacha Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, maafisa wa kizazi cha Mfereji wa Suez wamelazimika kujifunza somo hilo la zamani: upepo wa kusini-magharibi ukichachamaa, acha ule mkondo mtamu wa ukingoni, sogea ndani ya mstari wa kina cha mita 200, ukubali kupoteza mwendo.

Hatua ya 8: Amua, kisha toa taarifa

Ukishapata namba, una njia tatu. Kwenda hivyo hivyo. Kungoja, ambako kwa safari fupi mara nyingi ndiko kunakolipa: saa 6 gatini mpaka upepo wa mchana utulie au maji yageuke zinaweza kukuokolea 4 baharini, na mafuta. Au kuzunguka, ukijikinga nyuma ya kisiwa. Tungeweza kupita ndani ya Mafia Julai ile, kwenye kivuli cha kisiwa na miamba. Nahodha alikataa kwa sababu ya giza na mafungu ya mchanga, na sina ubishi naye.

Taarifa kwa wakala isiwe na saa moja. Mpe saa tatu: ya mapema, ya kutegemewa, ya mwisho. Tumia kimo cha utabiri kwa ile ya katikati. Ongeza nusu mita kwa ile ya mwisho na uipunguze kwa ile ya mapema. Kwa safari yetu, mita 3 zingetupa noti 7.7 kutoa 1.4, yaani 6.3, na saa 38. Mita 2 zingetupa 7.5 na saa 32. Basi ujumbe sahihi ungekuwa: kati ya saa 8 mchana na saa 2 usiku, tegemea saa 10 jioni, nitathibitisha usiku wa manane. Wakala anaweza kupanga makuli kwa ujumbe huo.

Kisha rudia hesabu kila zamu kwa kasi halisi. Ikitofautiana na makadirio yako kwa zaidi ya nusu noti, tafuta sababu kabla hujabadilisha saa: je, kipima kasi na GPS vyote vimeshuka, au GPS peke yake? Kama ni GPS peke yake, ni mkondo. Andika kimo, sekunde, mwelekeo na kasi kwenye logi kwa maandishi yanayosomeka. Mkataba wa kukodi meli ukiwa na kifungu cha kasi, mara nyingi kinahesabu siku za upepo usiozidi daraja la 4 tu. Siku ambayo hukuandika upepo wake itakuja kuhesabiwa kuwa shwari.

Siku nne baadaye tulitoka Mtwara kurudi Dar. Kusi lilikuwa nyuma yetu, mkondo nyuma yetu. Safari hii nilikaa na logi nusu saa, nikapata noti 9.8 na 1.4 za mkondo, maili 240 kwa noti 11.2, saa 21 na nusu. Nikamwandikia wakala wa Dar kwamba tutawahi. Akanijibu kuwa ameambiwa na mwenzake wa Mtwara asiziamini saa zangu, na kwamba gati litakuwa tayari baada ya saa 30. Tulitia nanga nje ya bandari kwa muda ule ule nilioandika, tukavua changu mpaka jioni.